Susu Ana Sanduku, Wewe Una Desktopu

Wacha niseme kitu ambacho kitawakera wengine wenu: nyanya yangu, ambaye hajawahi kushika mausi ya kompyuta maishani mwake, amepanga mambo yake kuliko wengi wetu wenye laptopu.

Huku kwetu Ukambani nyanya tunamwita Susu. Susu yangu ana sanduku la bati, lile ambalo kila mtu aliyesoma bodingi analijua, na analiweka chini ya kitanda. Ndani kuna mifuko ya plastiki, ile ya zamani iliyopigwa marufuku Agosti 2017, na nadhani yeye ndiye mtu wa mwisho Kambu nzima kubaki nayo. Kila mfuko umefungwa fundo. Wa kijani ni wa shamba. Wa mistari ni wa hospitali. Mweusi ni wa Umau, yaani babu, tangu alipofariki. Susu hasomi sana, kuandika anaandika jina lake tu, lakini stima ikipotea saa mbili usiku na mtu aulize kadi ya kliniki iko wapi, ataingiza mkono chini ya kitanda na atoke nayo.

Sasa angalia hapa, maana hapa ndipo somo lote lilipo. Ndani ya mfuko wa shamba kuna hati, kuna barua mbili za chifu kuhusu mpaka, kuna risiti ya mpima ardhi, na kuna picha. Picha ya karatasi, imekunjika kona, inaonyesha Umau amesimama karibu na jiwe la mpaka. Susu ana albamu ya picha ukutani pale sebuleni, lakini hiyo picha hakuiweka kwa albamu. Aliiweka kwa shamba. Kwa sababu siku jirani atasema jiwe limesongezwa, hakuna mtu ataenda kutafuta albamu.

Kompyuta yako inafanya kinyume kabisa cha hapo. Unainunua, unaifungua, unakuta imeshakupangia: Documents, Pictures, Music, Videos. Yaani inataka picha zikae na picha na karatasi zikae na karatasi. Ni kama Susu angeambiwa aweke makaratasi yote ya rangi nyeupe pamoja na yote ya rangi ya kaki pamoja. Nafaa kuwa mpole hapa lakini siwezi: huo mpangilio ni wa duka, si wa nyumba.

Mimi huitwa sana kwenda kwa watu. Kwa sababu natengeneza video na nina laptopu, mtaa mzima umeamua mimi ni fundi. Nikiambiwa "kuja uangalie kompyuta, imekuwa pole sana", naenda, na tisa kati ya kumi shida si kompyuta. Ni mashine nzuri tu ya mitumba, imetoka Nairobi kwa basi, watoto wanaangalia katuni, mama anafanya hesabu za chama, baba anaandika barua za kanisa. Lakini ukiiwasha, desktopu, ile sura ya kwanza inayojitokeza, imejaa mpaka huoni picha ya nyuma. Kuna "New folder", kuna ya pili, ya tatu, ya saba. Kuna faili inaitwa "barua". Nyingine "barua mpya". Nyingine "barua mpya ya mwisho". Nyingine "barua mpya ya mwisho kabisa hii ndiyo". Nacheka, wenyewe wanacheka, tunakunywa chai. Halafu mtu anauliza, "Kwani kopi ya kitambulisho cha marehemu iko wapi?" na hapo kicheko kinaisha.

Watu wa mjini wakiongea kuhusu kupanga faili, wanaongea kama ni mambo ya usafi, kama kutandika kitanda. Sisi tunaoishi kati ya Kibwezi na Mtito Andei hatuna hiyo anasa. Huku karatasi ni pesa, karatasi ni shamba. Fikiria Thange, hapo jirani. Mei 2015 mafuta yalivuja kutoka kwa bomba linalopita pale, yakaingia mtoni, yakaharibu maji na mashamba. Wakazi zaidi ya 3,000 walienda kortini. Uamuzi wa mahakama ya Makueni ulikuja Julai 2025, fidia ya mabilioni ya shilingi. Hebu hesabu: miaka kumi. Simu uliyokuwa nayo 2015 iko wapi? Picha ulizopiga nayo ziko wapi? Ile barua ya hospitali ya mtoto, unaweza kuitoa leo ukiambiwa? Sisemi kesi ilishindwa na faili, nasema tu kwamba haki huku kwetu hutembea na miguu, na wewe unafaa kuwa umekaa na ushahidi wako muda wote huo bila kuupoteza.

Au chukua ndovu. Tumepakana na Chyulu upande mmoja na Tsavo upande mwingine, na ndovu hasomi ramani. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema familia ya mtu aliyeuawa ilipwe shilingi milioni 5, na hata mimea ikiharibiwa una njia ya kudai. Lakini kudai ni fomu, ni namba ya OB ya polisi, ni ripoti ya afisa wa kilimo, ni picha za shamba, ni kopi ya kitambulisho. Yote hayo siku hizi yanapitia kwa simu au kompyuta ya mtu fulani. Swali ni kama yatapatikana siku yakihitajika.

Jirani yetu mmoja, mzee wa makamo, ndovu walipita kwa ndengu zake usiku mmoja. Ekari moja na nusu, ikabaki kama imepigwa rola. Binti yake alikuwa nyumbani, akapiga picha asubuhi hiyo hiyo, nzuri, zinaonyesha mpaka nyayo. Akatuma kwa baba yake kwa WhatsApp. Baba akatuma kwa mtu wa saiba aprinti. Binti akarudi kazini Mombasa, simu yake ikaibwa. Miezi ikapita. Ofisi ikasema picha walizonazo hazionekani vizuri, na haijulikani ni za lini, walete nyingine. Mzee akaja kwetu na simu yake mkononi.

"Kijana, hizi picha ziko humu. Mimi najua ziko humu."

Zilikuwa humo kweli. Katikati ya picha elfu tatu na ushei: maua ya "asubuhi njema", matangazo ya harambee, mistari ya Biblia, video za wanasiasa wakitusiana. Tulikaa pale chini ya mwembe kutoka saa tisa mpaka jua likazama, mzee akisongeza kidole juu, juu, juu. Tulizipata kumi na moja. Binti anasema alipiga zaidi ya ishirini.

Kuna kitu hapa wengi hawajui, na wacha nikieleze polepole. Picha ukiipiga kwa simu, ndani yake kunaandikwa tarehe, saa, na mara nyingine mahali. Huioni lakini iko. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, WhatsApp inaipunguza ukubwa na inafuta hayo maandishi ya ndani. Kinachofika upande wa pili ni picha hafifu yenye jina kama IMG-20240312-WA0004, na hiyo tarehe kwa jina si lazima iwe siku iliyopigwa. Mtu akikutumia picha ya mwaka jana leo, jina litabeba leo. Ndiyo maana ofisi ikiuliza "ni za lini?" hawakusumbui bure. Ukitaka picha ifike jinsi ilivyo, usiitume kama picha, itume kama hati, pale pale kwa alama ya kushikanisha. Au chomeka simu kwa kompyuta na waya wa chaji, ukopi. Waya hauli bando.

Basi tuingie kazini. Kama wewe ndiyo unaanza, usione aibu, hakuna aliyezaliwa akijua.

Faili ni kitu kimoja: barua moja, picha moja, wimbo mmoja. Folda ni mfuko. Mfuko unaweza kuwa na mfuko ndani. Hiyo tu. Huo mchezo wa kuita skrini meza na kuchora folda za ofisi ulifika sokoni 1981 kwa kompyuta ya Xerox iliyoitwa Star, na waliyemfikiria ni mtu wa ofisi wa Marekani mwenye kabati la chuma na karani. Sisi wengi hatukukua na kabati la chuma. Tulikua na mifuko chini ya kitanda, kwa hivyo ukiona ile picha ya folda ya manjano, fikiria mfuko wa Susu, utaelewa haraka kuliko kitabu chochote.

Fungua Documents. Ndani tengeneza folda moja, uipe jina la familia au uiite tu Nyumbani. Ukibonyeza Ctrl, Shift na N pamoja folda mpya inatokea, na unaandika jina hapo hapo. Ndani ya hiyo Nyumbani sasa weka mifuko kulingana na mambo ya nyumba yenu. Siwezi kukupangia nyumba yako, lakini nyumba nyingi nilizoingia hapa Kambu zinatoshwa na Watu, Shamba, Shule, Hospitali na Pesa. Ongeza moja ya Kumbukumbu kwa harusi, ubatizo, mazishi, video za watoto wakicheza mvua ikinyesha, maana hizo si ushahidi wa chochote lakini ndizo mtalilia zikipotea.

Watu ndiyo folda muhimu zaidi, na watu huipuuza. Kila mtu wa nyumba apate folda yake ndani: kitambulisho mbele na nyuma, cheti cha kuzaliwa, PIN ya KRA, vyeti vya shule, mambo ya SHA. Wa chuo na mambo ya HELB. Mtu akifariki, folda yake usiifute na usiichanganye. Inabaki na jina lake, unaongeza cheti cha kifo. Urithi wa shamba ukianza, mtaambiana asante.

Sasa ile picha ya ndengu zilizokanyagwa inaingia wapi? Pictures? Hapana. Inaingia Shamba, ndani yake folda ya jambo hilo, pamoja na fomu, OB na ripoti. Video pia. Sauti ya simu pia kama mliirekodi. Jambo moja, mfuko mmoja, haijalishi ni picha au barua. Ukielewa hiyo sentensi moja unaweza kuacha kusoma hapa na uende ukachote maji.

Lakini usizidishe. Nimeona mtu mmoja, mwalimu, amejenga folda ndani ya folda ndani ya folda mpaka nikamwuliza kama anaficha maiti. Ukifungua zaidi ya mifuko mitatu ndiyo ufikie faili, hutaweka kitu humo. Utachoka, utaacha kwa desktopu, na tutarudi mwanzo.

Majina sasa. Hapa ndipo mimi huwa mkali, wanaonijua wananijua.

Jina la faili lianze na tarehe, mwaka ukiwa mbele: 2024-03-12. Si 12/3/2024, kwanza kwa sababu Windows itakukatalia, hiyo alama ya mkwaju haikubali kwa jina la faili, na watu wengi hapo hufikiri kompyuta imeharibika. Pili, ukiandika mwaka, mwezi, siku, faili zinajipanga zenyewe kwa mfuatano. Ukianza na siku, faili ya tarehe 1 Desemba itakaa juu ya ya tarehe 2 Januari na hutaelewa chochote. Baada ya tarehe andika ni nini na ya nani, kwa maneno ambayo mamako angeyatumia. "2024-03-12 ndengu picha 01 upande wa mto". "2023-11-20 barua ya chifu mpaka". Inaonekana ndefu. Ni ndefu. Andika tu. Bonyeza faili mara moja, gusa F2, andika, gusa Enter.

Kuna mtu ataniambia, "Lakini kompyuta yenyewe inaonyesha tarehe kando ya faili, ya nini kuandika tena?" Swali zuri. Hiyo tarehe usiiamini sana. Ukikopi faili kutoka kwa flashi kwenda kwa kompyuta, kompyuta inaandika imezaliwa leo. Nimewahi kuona cheti cha kuzaliwa cha mzee wa miaka sabini ambacho kwa mujibu wa kompyuta kilitengenezwa Jumamosi iliyopita. Tarehe uliyoandika kwa jina wewe mwenyewe haibadilishwi na flashi wala na kutuma. Inasafiri na faili.

Mambo mawili madogo kuhusu majina, haraka. Ile nukta na herufi za mwisho, kama .pdf au .jpg, ukiziona usiziguse, ndizo zinaambia kompyuta ifungue na nini. Na tafadhali, usiandike pasiwadi kwa jina la faili. Taarifa ya M-Pesa huja imefungwa na namba, sawa, nimekuta mtu ameandika hiyo namba kwa jina la hiyo hiyo faili. Ni kama kufunga mlango na kuning'iniza ufunguo kwa kitasa.

Tukija kwa Downloads. Hiyo ni stage. Kila kitu kinachoshuka kutoka intaneti kinashukia hapo, kama vile abiria wa basi la Mombasa wanavyoshukia hapo kwa barabara. Stage ikiwa na watu si shida. Shida ni watu wakianza kulala hapo. Kwa hivyo kila unachoshusha, siku hiyo hiyo au wikendi, kipe jina na ukipeleke nyumbani kwake: Ctrl na X, fungua folda inayofaa, Ctrl na V. Ukikosea, Ctrl na Z inarudisha. Kilichobaki ambacho hukitambui, kifungue, na kama hakina maana, futa. Kikifutwa kutoka kwa kompyuta kinaenda kwa Recycle Bin, unaweza kukirudisha ukibadilisha nia. Lakini sikia hili vizuri: ukifuta kitu kutoka kwa flashi, hakiendi kwa Recycle Bin. Kimeenda. Kwa hivyo kutoka kwa flashi au simu usihamishe, kopi kwanza, kifungue uone kinafunguka, ndiyo ufute kule.

Najua kuna kijana anasoma hii akisema mbona nisumbuke, si kuna sehemu ya kutafuta? Andika neno, kompyuta ilete. Mimi pia natumia hiyo sehemu, naipenda. Lakini barua iliyopigwa picha na simu mara nyingi ni picha tu machoni pa kompyuta. Haioni neno "chifu" ndani yake kama jina lake ni IMG-20240312-WA0004. Kutafuta hufanya kazi kama kulikuwa na mtu aliyeandika jina la maana. Tena unatafuta vipi kitu ambacho hukumbuki kama kipo? Binti wa mzee wa ndengu akiwa Mombasa anajua alipiga picha ya nyayo. Mzee hajui. Mama hajui. Mtu akifungua folda na kuona orodha, anajua kilichopo bila kuuliza aliyekiweka.

Na hilo ndilo jambo ambalo mimi nalishikilia hata watu wakinicheka. Faili huzipangi kwa ajili yako. Wewe unakumbuka. Unampangia mtu ambaye atazitafuta ukiwa hupo: umesafiri, uko theatre, umelala, umekufa. Jaribio langu ni rahisi sana. Mwite mtu mwingine wa nyumba, asiyejua kompyuta vizuri, mwambie atoe cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa pili. Usimsaidie, usimwonyeshe kwa kidole. Akikipata kabla chai haijapoa, mko sawa. Asipokipata, majina yako ni mabaya, na huo si ujinga wake.

Halafu kuna suala la saiba, na hapa nitakanyaga vidole. Wengi wetu hapa "kompyuta ya nyumbani" ni ya mtu wa saiba. Tunapeleka kitambulisho kiskaniwe, kinabaki kwa desktopu yake. Cheti, PIN, taarifa ya M-Pesa, fomu ya basari, vyote viko pale na vya watu wengine mia tano, na kijana yeyote anayeshika zamu anaviona. Watu wa saiba wengi ni watu wazuri, wametusaidia sana, na bila wao nusu ya kijiji hakingekuwa na PIN. Lakini tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na hiyo data ni yako. Una haki ya kumwambia, kwa heshima, "Ndugu yangu, ukimaliza nitumie kwa barua pepe halafu unifutie hapo, na kwa Recycle Bin pia." Mara ya kwanza atakushangaa. Mara ya tatu atakuwa anakuuliza yeye mwenyewe. Na kama una flashi, beba yako, lakini ukirudi nyumbani iangalie na programu ya kuzuia virusi kabla ya kufungua chochote. Ukikuta folda zote kwa flashi zimegeuka kuwa na kamshale kadogo kwa kona, usizibonyeze. Hicho ni kirusi, faili zako kwa kawaida bado ziko, zimefichwa tu.

Mambo ya kuweka nakala nitayapitia upesi maana nilishaandika kuhusu hayo. Kompyuta huibwa, huungua stima ikirudi kwa kishindo, humwagikiwa na uji. Kila mwezi kopi folda yote ya Nyumbani, ile moja tu, kwa flashi ambayo haikai nyumba hiyo. Yetu inakaa kwa shangazi Kibwezi, ndani ya kopo la majani chai. Uzuri wa kuwa na folda moja kubwa ni kwamba nakala ni kitendo kimoja. Huchagui, huulizi, unaburuta moja unaenda kulala. Ukiwa na bando, weka pia kwa mtandao, lakini mimi sitamwambia mtu anayenunua data ya shilingi ishirini apandishe video za harusi.

Turudi kwa mzee. Baada ya siku ile ya mwembe tulikaa jioni mbili kwa laptopu yangu, halafu tukahamisha kwa kompyuta ya mtoto wake wa mwisho ambaye yuko sekondari. Zile picha kumi na moja tulizipa majina moja moja. Mzee alikuwa anasema ni upande gani wa shamba, mimi naandika. Ilichukua muda kwa sababu kila picha ilikuwa na hadithi: hapa ndipo walivunja ua, hapa ndipo mbuzi alikuwa amefungwa, hapa kulikuwa na matikiti ya mama yao. Baadaye nikagundua hayo maelezo ndiyo hasa ofisi ilikuwa inahitaji, na hayakuwa yameandikwa popote. Basi tukaandika ukurasa mmoja, tukauweka ndani ya folda, tukauita "2024-10-05 maelezo ya picha". Zile za asili zilikwisha na simu ya binti, hilo hatukuweza kulirekebisha. Lakini kwa historia ya mazungumzo ya WhatsApp ya mzee ilionekana siku na saa binti alizituma, asubuhi ile ile, na juu yake ujumbe wake: "Baba angalia vile wamefanya." Tukapiga picha ya skrini hiyo pia. Ikaingia mfukoni.

Mtoto wa sekondari ndiye mlinzi wa folda sasa. Baba yake akienda ofisini akirudi na karatasi, inapigwa picha mezani mchana kukiwa na mwanga, inapewa tarehe, inaingia. Hata siku aliyoambiwa tu arudi wiki ijayo wanaiandika, nani alisema na saa ngapi. Mzee bado hajalipwa. Folda ina faili thelathini na moja, na ya mwisho ni ya Jumanne.